Gari la Mjomba la Mwaka 1927

Logibuku ya gari la mjomba, yaani kitabu cha usajili, inasema lilitengenezwa mwaka 1927. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lile la viti viwili, pua ndefu na mgongo ulioteremka. Mwaka 1927 hata jina Datsun lilikuwa bado. Lilikuja miaka ya 1930. Na gari hilo lilitolewa hadharani Japani mwezi wa Oktoba 1969, kwao wakiliita Fairlady Z. Kwa hivyo kiserikali mjomba wangu ana gari lililozaliwa kabla ya kiwanda chake.

Logibuku ya kwanza ililiwa na mchwa kabatini, ikaombwa nakala, na mtu fulani katika ofisi fulani akachapa alichochapa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, maana gari halikuwa likienda popote. Liko uani kwa mjomba, Kisauni, Mombasa, chini ya mti wa mkungu, limepandishwa juu ya matofali, na kuku wa mkazamjomba wanalitumia kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu.

Shida ilianza mjomba alipoletewa fomu ya maonyesho ya magari ya zamani huko Nairobi. Magari hupangwa kwa umri, kwa hivyo fomu ina kisanduku cha mwaka. Tena gari likisafirishwa lazima liwe na bima, na wakala wa bima nilipompigia na kumtajia 1927 alinyamaza, akakohoa, akauliza kama linavutwa na punda. Juu ya hayo, kuna bwana mmoja wa Nairobi, mtu wa kukusanya magari ya zamani, alikuwa akishuka pwani kwa shughuli zake na akaahidi kupita kulitazama. Mjomba akaniita mimi, kwa sababu katika wapwa zake mimi ndiye mwenye simu kubwa.

"Babangu," akaniambia, "nitafutie ushahidi kwamba gari hili ni la 1971."

"Na kama si la 1971?"

"Mimi nimekwambia utafute ushahidi. Sikukwambia utafute mwaka."

Sasa, 1971 si mwaka wa bure. Pasaka ya mwaka huo 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally, usukani ameshika Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi hapa Kenya, kando yake Hans Schüller. Aliyefuata nyuma yao alikuwa Shekhar Mehta, naye ndani ya 240Z vilevile. Na Safari ya siku zile haikuwa hii ya kuzunguka Naivasha, jioni mtu akaoga akalala hotelini. Ilikuwa ni maelfu ya kilomita, usiku na mchana, Kenya, Uganda na Tanzania, leo tope la magotini, kesho vumbi la Taru. Mjomba, kijana wakati huo, alisimama kando ya barabara na wenzake akaliona gari jekundu lenye boneti nyeusi likipita. Anasema lilipita kwa muda wa kupepesa jicho. Ajabu ni kwamba yale aliyoyaona katika kupepesa huko huyasimulia kwa saa nzima.

Miaka ikapita, akapata nafasi ya kununua 240Z kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Nyali. Muuzaji akamwambia, "Hili liliwahi kukimbia." Hakusema lilikimbia wapi, wala lilikuwa likimkimbia nani. Mjomba alijaza mwenyewe. Kidogo kidogo likawa gari lililoshiriki Safari, kisha likawa gari lililomaliza, na nilipopata akili mimi lilikuwa tayari ni gari la Herrmann mwenyewe, na kile kibonyeo cha mlango wa kushoto kilitokana na punda aliyekatiza barabara Maungu usiku wa manane.

"Punda wapi?" mkazamjomba husema kila akisikia. "Ni mkokoteni wa maji. Nilikuwepo."

Nikaanza kazi. Intaneti ikaniambia jambo hili ni jepesi: fungua mlango, tazama kwenye nguzo, utakuta kibati kimeandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Nikafungua mlango. Kwenye nguzo palikuwa na kibandiko cha sabuni ya unga. Kusoma zaidi ndio nikaona kwamba kibati hicho walifungiwa Wamarekani, ambao ndio waliopelekewa sehemu kubwa ya magari haya. Sisi wa usukani wa kulia hatukuhesabiwa kuwa ni watu wa kuambiwa tarehe.

Akaitwa fundi. Fundi wa mjomba ni mtu wa kitabu: ana kitabu cha mafundi cha Datsun kilicholowa grisi hata kurasa zake zinapenya mwanga. Akafungua boneti, ambayo kwenye gari hili hufungukia mbele, kiasi kwamba ukilitazama kwa mbali unadhani limeumbwa kinyumenyume. Akachuchumaa upande wa plagi, akapangusa bloku kwa kitambaa, akasoma herufi zilizogongwa pale.

"L28."

"Maana yake?"

"Maana yake hii si injini yake. 240Z ina L24, silinda sita, lita 2.4. L28 ni lita 2.8, nayo ilikuja katikati ya miaka ya 70."

Mjomba akatazama juu ya mkungu kama aliyesikia ndege. Alipobanwa akakumbuka: injini ya kwanza ilikufa Mariakani, ikawekwa ya Datsun 280C iliyokuwa ikibeba maharusi. Fundi akaendelea kupangusa. Karibu na plagi ya kwanza silinda hedi imeandikwa E88. Hiyo, akasema, ni ya 240Z kweli, lakini si za mwanzo kabisa. Za mwanzo zina E31. Kwa hivyo kichwa kikawa cha gari moja na kiwiliwili cha jingine, na mwaka bado haujulikani.

Hapo ndipo alipojileta yule kijana wa bandarini. Ni jirani, kazi yake ni kutoa magari ya mitumba yanayoshuka kutoka Japani, na kwa hivyo yeye hujihesabu nusu Mjapani. Akasimama, mikono kiunoni.

"Nyinyi mnapoteza wakati. Wajapani hawahesabu miaka kama sisi. Wanahesabu kwa mfalme."

Na hapo, haki yake nimpe, hakusema uongo. Enzi ya Mfalme Hirohito wao waliiita Showa. Mwaka wa kwanza wa Showa ni 1926, na wa mwisho ni wa 64, Januari 1989 alipofariki. Ukikuta karatasi ya Kijapani ya wakati huo imeandikwa 48, unajumlisha 1925, unapata 1973. Yeye huyaona hayo kwenye makaratasi ya magari kila siku. Tatizo ni kwamba ukishampa mtu kanuni ya kujumlisha, hatakuachia kitu hakijajumlishwa.

"L28," akasema, akitoa simu. "Ishirini na nane, jumlisha 1925. Gari hili ni la 1953."

"28 ni lita," fundi akasema.

"Na hiyo E88?"

"Mfalme wako si alifikia 64?"

Kijana akafikiri kidogo. "Labda huyu alikuwa na mwanawe."

Mjomba alikuwa kimya, anapiga hesabu kwa vidole. Kisha akauliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu bila kutaka muuzaji ajue anakitaka, "Na ili tupate 1971, tunahitaji namba gani?"

"46."

Kuanzia hapo watu wazima watatu waliingia chini, juu na ndani ya gari kutafuta 46. Walitazama taa. Walitazama mgongo wa saa ya dashibodi. Kijana alikuta 64 kwenye kifuniko fulani, akashauri kisomwe kutoka upande wa pili. Mwishowe mjomba mwenyewe, aliyekuwa akifunua kitabu cha fundi bila miwani, akapiga kelele. Ukurasa wa kabureta: Hitachi, aina ya HJG46W.

"Arubaini na sita! Iko hapa! Imechapwa!"

Fundi akajaribu kumweleza kwamba kitabu hicho ni cha magari yote ya 240Z na si cha gari lake peke yake. Mjomba hakusikia. Alishakwenda ndani kuvaa kanzu.

Basi ikafika siku ya mgeni. Mjomba alitaka gari lisafishwe ndani, na kazi hiyo ikaniangukia mimi. Lazima nieleze hali ya gari siku hiyo, maana bila hivyo mtaniona sina akili. Vishikio vya ndani vya milango vilikuwa havipo. Fundi alivifungua ili akwangue kutu, na kutu ya 240Z kwa hewa ya chumvi ya Mombasa ni kazi ya maisha. Vya kuteremshia vioo vilikuwa ndani ya ndoo moja na hivyo vishikio. Betri ilikuwa sebuleni kwa jirani, inawasha taa. Buti la nyuma, ambalo ni mlango mzima pamoja na kioo, lile bomba lake la kulishikilia juu lilikufa zamani, kwa hivyo likifunguliwa huegemezwa mti. Siku hiyo mti uliopatikana ulikuwa ni mchi wa mkazamjomba.

Nikaingia kwa nyuma, nimelala kifudifudi, kichwa nyuma ya viti, natoa manyoya na maganda ya njugu. Pembeni, nyuma ya kiti cha dereva, kulikuwa na kuku anaatamia. Tulitazamana. Tukaelewana kwamba kila mmoja ana shughuli yake.

Nikasikia ndara za mkazamjomba. Nikasikia akisema, si kwangu, akisema na dunia: "Nani kauchukua mchi wangu, na mimi nina kisamvu kinanisubiri?"

Nilisema, "Mama, ngo—"

Buti likashuka. Gari lote likatikisika juu ya matofali, kufuli ikalia *tak*, na yeye huyo akaenda zake na mchi wake begani. Buti la 240Z halifunguki kwa ndani. Halina hata alama ya kukuonyesha kwamba waliolitengeneza waliwahi kufikiria mtu anaweza kuwa ndani. Nikapiga kioo. Nikaita. Jikoni pakaanza: twa! twa! twa! Kisamvu kimeshaingia kinuni, na mkazamjomba akitwanga hata muadhini anasikika kwa shida.

Joto la Kisauni saa saba mchana, ndani ya vioo vilivyofungwa, sitalieleza. Kuku aliinuka, akanitazama kwa lawama, akakaa tena kunipa mgongo. Nikatambaa hadi kwenye viti, nikajaribu honi. Betri iko kwa jirani. Nikajaribu kuzungusha kwa vidole kile kijiti kilichobaki cha kuteremshia kioo. Kikanikata kidole, kioo hakikusogea. Nikarudi nyuma tena kwa sababu angalau huko kulikuwa na kivuli cha mkungu.

Ndipo nikasikia hodi, na sauti ya mjomba, ile ya kanzu.

"Karibu, bwana, karibu sana! Hili hapa. Lishike. Usiogope, lishike. Gari hili unaloliona, mwaka 1971, saa nane za usiku, Maungu, punda..."

Nikapiga kioo kwa ngumi mbili.

"Kitu gani hicho?" mgeni akauliza.

"Kuku tu. Wanalipenda. Sasa huyu punda..."

Nikapiga kwa kiatu. Mgeni akaja nyuma, akakinga mwanga kwa viganja viwili, akaegemeza uso wake kioo kile kile nilichoegemeza wangu. Ni mzee wa makamo, mtulivu, miwani imefungwa kamba shingoni. Akanitazama mimi, jasho linanichuruzika na unyoya umenata kipajini. Akamtazama kuku. Akamgeukia mjomba.

"Na huyu ni wa mwaka gani?"

Mjomba akaanza kupapasa mifuko ya kanzu. Ufunguo wa buti, ikajulikana, umefungwa kwenye pindo la leso ya mkazamjomba, na mkazamjomba yuko kinuni. Kijana wa bandarini akatumwa. Mimi nikaashiria kwamba nakufa. Mgeni naye, badala ya kuhuzunika, akawa ameona kitu. Akavaa miwani.

"Usisogee," akaniambia kupitia kioo. "Hebu sogeza pua kushoto. Hapo hapo. Umenifutia ukungu vizuri sana."

Alikuwa akitazama zile nyuzi nyembamba za umeme ndani ya kioo, za kuondolea umande. Kwenye 240Z za mwanzo, akamweleza mjomba mbele ya uso wangu, nyuzi hizo zimesimama wima. Za baadaye zimelala. Hizi zimesimama. Halafu akapapasa bati la buti chini ya kioo, akakuta matundu mawili ya hewa. Matundu ya kwenye buti pia ni ya mwanzo, kabla ya kuhamishwa mapema 1971.

"Kwa hiyo ni la 1971!" mjomba akasema.

"Buti ni la 1970 au mwanzoni kabisa mwa 1971. Lakini tazama huku." Akapiga kidole nguzo ya pembeni, nyuma ya dirisha. Pale pana alama ya mviringo yenye herufi Z, nayo ina matundu ya hewa. "Walipoyatoa kwenye buti waliyaleta hapa. Gari hupewa ya buti au hupewa ya nguzo. Lako linapumulia kote."

"Mimi sipumui," nikasema ndani. Hakuna aliyenijibu.

Mjomba akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba buti la asili liliozea kutu, na hili lilinunuliwa kwa wauza vyuma chakavu Nairobi. Kumbe nilikuwa nimefungiwa ndani ya mlango usio hata wa gari letu.

Ufunguo ulipofika nilitoka miguu kwanza. Mkazamjomba akasimama pale, mchi mkononi, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mwanangu, na wewe ulifuata nini mle?"

Nilipewa maji ya madafu, nikakaa chini ya mkungu. Mengine niliyaona kutoka hapo.

Mgeni aliuliza swali moja ambalo sisi wote, na simu yangu kubwa, na mfalme wa Japani, hatukuwa tumeliuliza: "Namba ya chesisi mmeisoma?"

Tulikuwa hatujaisoma kwa sababu haikuwa ikionekana. Imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, katikati, na ukuta huo ulikuwa umepakwa rangi na kila aliyewahi kumiliki brashi. Fundi akapaka dawa ya kutolea rangi, akangoja ichemke, akaanza kukwangua polepole kwa kipande cha plastiki ili asiikwaruze namba. Kijani ikatoka, ile ya milango ya madukani. Chini yake maziwa. Chini ya maziwa bluu, imekauka, ikibanduka kwa magamba. Mjomba alikuwa ameinama karibu hata ndevu zake zilikuwa hatarini. Alikuwa akingoja nyekundu, rangi ya magari ya Herrmann na wenzake.

Na nyekundu ikatokea.

"Allahu akbar!" mjomba akasema. "Mnaona? Mnaona?"

Fundi akaigusa kwa ukucha. "Mzee, hii ni redi oksaidi. Ya kuzuia kutu."

Mgeni akatoa karatasi nyembamba na penseli, akaiweka juu ya chuma, akaisugua ubavu wa penseli huku na huku, taratibu. Namba ikapanda kwenye karatasi, nyeupe ndani ya weusi, herufi moja baada ya nyingine: HS30, kistari, kisha 100, kisha tarakimu tatu ambazo nazibakisha kwangu, maana wezi nao wanasoma.

Akatusomea. H ni injini ya lita 2.4, kwa hivyo lilizaliwa 240Z halali; lingekuwa 260Z ingeanza R. Kungekuwa na L katikati, HLS, lingekuwa la usukani wa kushoto. S30 ni jina la bodi yenyewe, iliyofanyiwa kazi Hiratsuka. Na hizi tarakimu sita zinazoanza na 100 ni za kundi la mwishomwisho, kuanzia nusu ya pili ya 1972. Injini huhama, akasema, buti huhama, kabureta huhama. Ukuta huu hauhami.

"Na ile 46?" kijana wa bandarini akauliza.

"Ni milimita. Upana wa koo la kabureta."

Mimi nikaiomba logibuku. Nikaitazama ile 1927, nikaitazama tena. Mbili saba. Saba mbili. Yule mchapaji wa ofisi fulani, tuliyemsema miaka yote hiyo, alikuwa amepewa jibu mkononi, akaligeuza tarakimu mbili tu. Nikamwonyesha mgeni, akacheka mpaka miwani ikamdondoka ikabaki kwenye kamba.

Mjomba hakucheka. 1972 kwake ni mwaka mbaya. Mwaka huo Safari ilikwenda kwa Ford Escort ya Hannu Mikkola, Mfini aliyetoka ng'ambo akawapiga wenyeji, na mjomba hajaisamehe Finland mpaka leo.

"Haiwezekani," akasema. "Gari la Herrmann ndilo hili."

"Mzee, lile la Herrmann mimi nimeliona kwa macho yangu," mgeni akasema kwa upole. "Liko Japani, Zama, kwenye hifadhi ya Nissan, wenye Datsun. Wanalitunza."

"Wanatunza nakala," mjomba akasema. "Mjapani ni mstaarabu, hawezi kumwambia mgeni ukweli kwamba la asili liko Kisauni."

Pakawa kimya. Kuku akatoka garini, akajikung'uta, akaenda jikoni. Mjomba akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono kidevuni, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Kisha nikaona vidole vinaanza kuhesabu.

"Bwana," akamwambia mgeni, "umesema nusu ya pili ya 1972."

"Ndiyo. Kwa namba hii, huenda ikawa karibu na kufunga mwaka."

"Na wewe, kijana. Meli kutoka Japani mpaka hapa huchukua muda gani?"

"Sasa hivi? Wiki tano, sita. Zamani sijui."

"Tufanye miezi miwili. Na Pasaka ya 1973 ilikuwa Aprili."

Nikaona anakokwenda, lakini nilikuwa sina nguvu za kumzuia. Kwa sababu 1973 Safari ilichukuliwa na nani? Na 240Z tena. Safari hii Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Wahindi, na Lofty Drews kando yake. Walifungana pointi na Harry Källström, Msweden aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Hata mgeni hakuweza kupinga: tarehe zinaruhusu. Zinaruhusu pia magari mengine yote ya kundi hilo, lakini hilo halikusemwa kwa sauti.

Mjomba alisimama. Kanzu ikanyooka. Watoto wa jirani walikuwa wameshajaa ukutani kwa sababu ya kelele za buti, naye hajawahi kuwaacha watazamaji waende bure.

"Gari hili mnaloliona," akasema, akikipapasa kile kibonyeo cha mlango, "mwaka 1973, saa nane za usiku, Maungu, Shekhar yuko usukanini, hana pointi hata moja aliyopoteza, mara punda..."

Mkazamjomba akatoa kichwa dirishani jikoni.

"Na yule Mjerumani?"

Mjomba akamgeukia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyowahi kuisikia.

"Mjerumani gani?"